Jointi ya ekseli ikichomoka, usikimbilie kununua shafti mpya

MVUA zinapokatika kati ya Aprili na Mei, wamiliki wengi wa magari madogo mkoani Katavi huanza kuhesabu madhara ya barabara za masika: bushi zimekatika, shokapu zimevuja na boljointi zinagonga kila gurudumu linapoingia kwenye shimo.

Wakati huohuo ndipo biashara inapochangamka. Mpunga wa bonde la Mpimbwe unavunwa, mahindi yanasubiri kusafirishwa, na wakulima wa tumbaku wanajiandaa kwa masoko. Gari lililolala uani katika kipindi hiki halimpotezei mwenye nalo nauli tu, linampotezea msimu.

Ndiyo maana baadhi ya wamiliki huamua kufanya kazi ya kubadilisha bushi au shokapu wenyewe, nyumbani, wakiwa na jeki, spana na kijana mmoja wa kuwasaidia. Lengo ni kuokoa fedha ya ufundi na kuepuka foleni ya gereji.

Kazi hiyo inawezekana. Lakini kuna jambo moja ambalo huwashtua wengi katikati ya kazi: boliti zikishafunguliwa na gurudumu kuvutwa pembeni, ekseli hulegea ghafla, raba yake huvutika kama soksi, na shafti inazunguka bila kushika kitu.

Wengi huamini kwamba ekseli imekatika. Wengine huifunga gari hivyohivyo wakitumaini itajishika yenyewe. Wote wawili wanaweza kuingia hasara kubwa, kwa kuwa mara nyingi kilichotokea ni jointi ya ndani kuachana tu, na inaweza kurudishwa siku hiyohiyo iwapo itakaguliwa vizuri kabla ya kufungwa.

Barabara zinavyochosha magari

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Rukwa, na una wilaya tatu za Mpanda, Mlele na Tanganyika. Kwa miaka mingi eneo hili lilifikika kwa shida, hasa wakati wa mvua.

Hali imebadilika. Barabara ya kutoka Tabora kwenda Mpanda kupitia Koga na Inyonga, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 300, imejengwa kwa lami. Kutoka Mpanda hadi Sitalike, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, nako kuna lami.

Hata hivyo, mazao hayaanzii kwenye lami. Yanaanzia mashambani, kwenye njia za udongo na changarawe zenye makorongo na matuta madogomadogo yanayotikisa gari kama ungo. Hata kipande cha kupita ndani ya hifadhi, kati ya Kibaoni na Sitalike, kilibaki cha changarawe kwa miaka mingi baada ya vipande vya jirani kuwekewa lami.

Katika njia hizo, mzigo mkubwa hubebwa na malori, lakini mzigo mdogo, yaani magunia machache ya mchele, madumu ya asali kutoka Mlele, mbolea, dawa za mifugo na abiria wa mnadani, hubebwa na magari madogo ya Kijapani. Yaliyozoeleka zaidi ni Toyota Probox, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2002, pamoja na IST, Vitz na Corolla.

Magari haya mengi yana jambo moja linalofanana: yanavuta kwa magurudumu ya mbele. Noah za zamani zilizovuta kwa magurudumu ya nyuma zilikuwa na mpangilio tofauti, na aliyezizoea hizo anaweza asijue hatari iliyopo anapofungua mbele ya Probox.

Ndani ya ekseli kuna nini

Gari linalovuta kwa mbele linahitaji ekseli inayoweza kufanya mambo matatu kwa pamoja: kuzungusha gurudumu, kufuata gurudumu linapokata kona, na kufuata gurudumu linapopanda na kushuka kwenye mashimo.

Kwa sababu hiyo kila ekseli ya mbele, ambayo mafundi huiita pia draivu shafti, ina jointi mbili. Moja iko upande wa gurudumu na nyingine upande wa gia boksi. Kila moja imefunikwa na raba yenye mikunjo, inayojulikana kama buti, ambayo kazi yake ni kutunza grisi ndani na kuzuia vumbi na maji.

Jointi ya upande wa gurudumu, ambayo watu wengi huiita sivi jointi, kwa kawaida huwa na gololi sita zilizokaa ndani ya kizimba cha chuma. Muundo huu ulibuniwa katika miaka ya 1920 na mhandisi Alfred Rzeppa aliyekuwa kampuni ya Ford nchini Marekani, na ulienea duniani baada ya gari dogo la Mini kuanza kuutumia nchini Uingereza mwaka 1959.

Jointi hiyo inapinda sana ili gari likate kona, lakini hairefuki wala haifupiki. Imeshikwa kwenye shafti kwa pete ya chuma iliyofichwa ndani, hivyo si rahisi kuachana kwa kuvutwa tu.

Jointi ya upande wa gia boksi ni tofauti. Kwenye magari mengi madogo ya Toyota ina kikombe cha chuma chenye mifereji mitatu. Ndani yake huingia kichwa cha shafti chenye miguu mitatu, na kila mguu umevaa rola inayotembea ndani ya mfereji wake.

Gurudumu linapopanda na kushuka, rola hizo huteleza kuingia na kutoka kwa sentimita chache. Ndivyo ekseli inavyopata urefu inaouhitaji.

Hapo ndipo penye siri. Baadhi ya jointi hizi zina pete mdomoni mwa kikombe inayozuia rola zisitoke, lakini nyingine hazina kizuizi chochote zaidi ya ile raba. Gari likiwa limefungwa, wishboni na shokapu ndizo zinazozuia gurudumu lisiende mbali. Zikifunguliwa, kizuizi kimeondoka.

Kwa nini inaachana

Sababu ya kwanza ni kuvuta gurudumu nje. Fundi akishafungua boliti mbili za chini ya shokapu, kile chuma kinachobeba habu na breki hubaki kimeshikwa kwa chini tu. Huinama kuelekea nje kwa uzito wake, na huivuta ekseli pamoja nacho. Kama boljointi ndiyo iliyofunguliwa, huvutwa kwa chini.

Sababu ya pili ni kuiacha ekseli ikining'inia. Anayechomoa ekseli kwenye habu ili abadilishe beringi, kisha akaiacha ilale bila kuifunga kwa kamba, anaufanya uzito wa shafti na jointi ya nje uvute rola kutoka ndani ya kikombe.

Sababu ya tatu ni kutumia ekseli kama mpini. Habu inapogoma kutoka, wengine hushika shafti na kuivuta kwa nguvu. Nguvu hiyo haiendi kwenye habu, inaishia kwenye jointi ya ndani.

Sababu ya nne inahusu magari yaliyoinuliwa. Ili kukwepa kugonga mawe na matuta, wamiliki wengi huongeza spesa juu ya shokapu za mbele. Gari hupanda juu, lakini gurudumu nalo husukumwa chini, na ekseli hulala kwa mshazari zaidi kuliko ilivyokusudiwa na mtengenezaji.

Kwenye gari la aina hiyo, rola huwa zimekaa karibu zaidi na mdomo wa kikombe hata kabla ya kazi kuanza. Likipigwa jeki na magurudumu kuning'inia, nafasi inayobaki ni ndogo. Kuvuta kidogo tu kunatosha kuzitoa.

Dalili za kuitambua

Dalili ya kwanza ni raba ya ndani. Ikiwa mikunjo yake imenyooka kupita kiasi, imejikunja upande mmoja au imejipinda kama nguo iliyokamuliwa, kuna uwezekano mkubwa kuwa rola zimetoka ndani ya kikombe.

Dalili ya pili huonekana kwa kuzungusha shafti kwa mkono. Jointi ikiwa nzima, kikombe huzunguka pamoja na shafti. Ikiwa imeachana, shafti huzunguka peke yake huku kikombe kikiwa kimetulia, au hukwama na kukwaruza.

Kwa aliyekwisha kufunga gari bila kutambua, dalili huja akiwasha injini. Anaweka gia, injini inanguruma, lakini gari haliendi. Huenda likatoa mlio wa chuma kugonga chuma.

Wengi hapo hulaumu gia boksi, na wapo wanaoifungua bure. Ukweli ni kwamba difu ya kawaida hupeleka nguvu upande ule usio na ukinzani. Ekseli moja ikiwa imeachana, nguvu yote huishia upande huo, na gurudumu la upande wa pili, ingawa ni zima, halivuti.

Jambo hilo lina hatari nyingine isiyofahamika sana. Gia ya P kwenye gari la otomatiki hufunga gia boksi, haifungi gurudumu lenyewe. Ekseli moja ikiachana, gari lililowekwa P linaweza kuteremka kwenye mwinuko kama vile halina gia. Hata gari la gia za mkono lililoachwa kwenye gia namba moja hufanya hivyohivyo.

Ni muhimu pia kutofautisha jointi iliyoachana na ekseli iliyotoka nzima kwenye gia boksi. Ikiwa kikombe chenyewe kimechomoka, oili ya gia boksi humwagika chini. Hilo ni tatizo jingine: hukaguliwa oili sili na pete ya mwisho wa ekseli, na oili hurudishiwa kwa aina ileile iliyoelekezwa kwa gia boksi hiyo. Oili ya otomatiki ya kawaida na ile ya sividi haziingiliani.

Usalama kabla ya spana

Kabla ya mtu kuingiza kichwa chini ya bawa la gari, hendibreki ivutwe na magurudumu ya nyuma yawekewe mawe au magogo mbele na nyuma. Gari likalie stendi imara juu ya ardhi ngumu. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia gari.

Katika uwanja wa udongo, ambao ndio hali ya nyua nyingi za Mpanda, ubao mpana na mnene uwekwe chini ya stendi ili isizame. Tofali la kuchoma lisitumike kubeba gari, kwani hupasuka ghafla bila kutoa ishara.

Anayebadilisha shokapu akumbuke kwamba springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua. Nati ya katikati juu ya shokapu haifunguliwi kabla springi haijabanwa kwa kifaa chake maalumu. Asiye na kifaa hicho apeleke kipande hicho tu gereji, kisha arudi kuendelea na kazi nyingine nyumbani.

Breki nayo isiachwe ining'inie kwa mpira wake wa kupitisha mafuta. Ifungwe kwa waya kwenye springi au sehemu nyingine imara.

Kuirudisha hatua kwa hatua

Kosa kubwa linalofanywa jointi inapoachana ni kuisukuma kwa nguvu bila kufungua raba. Rola moja ikiwa imelala vibaya, kusukuma kunaweza kuikwamisha kwenye ukingo wa kikombe, kuchana raba kwa ndani au kuvunja kingo za rola.

Hatua ya kwanza ni kusafisha raba kwa nje, mpaka vumbi na matope viishe. Vumbi la Katavi likiingia kwenye grisi hugeuka kuwa msasa, na jointi iliyokuwa nzima huanza kuliwa ndani kwa ndani.

Hatua ya pili ni kufungua bendi kubwa ya raba upande wa kikombe na kuikunja raba nyuma polepole. Kitambaa safi kitandazwe chini, ili rola ikidondoka isianguke mchangani.

Hatua ya tatu ni kuhesabu. Ziwepo rola tatu, kila moja ikiwa kwenye mguu wake. Kwenye baadhi ya jointi, ndani ya rola kuna vijiti vyembamba vya chuma kama sindano. Rola ikitoka, vijiti hivyo vinaweza kumwagika. Vyote vikusanywe na vilinganishwe na vya rola nyingine. Kikikosekana hata kimoja, jointi isifungwe.

Kabla ya kusogeza chochote, alama ya rangi iwekwe kwenye kikombe, kichwa cha miguu mitatu na shafti, ili vipande virudi vilipokuwa. Chuma kilichozoea kusuguana na mfereji fulani hufanya kazi vizuri zaidi kikirudishwa hapohapo. Alama isipigwe kwa patasi, kwani hudhoofisha chuma.

Hatua ya nne ni ukaguzi. Grisi ya zamani ifutwe, kisha kidole kipitishwe kwenye mifereji mitatu ya kikombe. Ukucha ukinasa kwenye shimo au mfereji mdogo uliochimbwa na rola, jointi imechoka. Rola zizungushwe moja moja, zizunguke bila kukwaruza.

Ikiwa hakuna mchanga ulioingia, kufuta kunatosha. Ikiwa mchanga umeingia, vipande vioshwe kwa dizeli au mafuta ya taa, mbali na moto, kisha vikaushwe kabisa. Mafuta hayo yakibaki ndani hulainisha grisi mpya na kuifanya ivuje.

Hatua ya tano ni grisi. Grisi ya njano inayotumika kwenye beringi za magurudumu si mbadala sahihi. Pakiti ya raba mpya huja na grisi yake, na pale ambapo pakiti ina grisi mbili, moja ni ya jointi ya ndani na nyingine ya jointi ya nje. Zisibadilishwe.

Hatua ya sita ndiyo ya kurudisha. Mtu mmoja anashika chuma cha habu na kukisogeza ndani kuelekea gia boksi. Mwingine anazungusha shafti taratibu mpaka rola tatu zitazamane na mifereji mitatu, kisha anaisukuma moja kwa moja.

Jointi nzima huingia kwa nguvu ya mkono. Ikigoma, rola hazijakaa sawa. Nyundo haina kazi hapo. Afadhali kutoa, kutazama na kuanza upya.

Hatua ya saba ni raba. Irudishwe kwenye mfereji wake bila kupinda, kisha bisibisi bapa isiyo na makali ipenyezwe kidogo chini ya mdomo wake ili hewa iliyobanwa itoke. Hewa isipotolewa, raba hujaa kama puto au hujikunja na kuchanika baada ya safari chache.

Bendi ya chuma ndiyo inayofaa kufungia. Waya wa kawaida, uliozoeleka katika gereji nyingi, hukata raba na hulegea kwa joto. Kama umetumika kwa dharura njiani, uondolewe mara gari linapofika mjini.

Baada ya hapo boliti za shokapu na boljointi hurudishwa. Nati ya habu, kama ilifunguliwa, ifungwe kwa kipimo kilichoelekezwa na mtengenezaji kisha ifungiwe ili isizunguke. Kwa Toyota nyingi ndogo nati hiyo hutumia soketi ya namba 30, na ile ya kupigwa ukingo hutakiwa iwe mpya.

Boliti za bushi za wishboni zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga ardhi kwa uzito wake. Zikikazwa magurudumu yakiwa yanaelea, bushi mpya hujipinda kila gari linaposhuka na hukatika mapema. Wengi hulaumu duka la spea kwa kosa hili la ufungaji.

Kulijaribu gari

Kabla ya kulitelemsha, gurudumu lizungushwe kwa mkono pande zote mbili huku mtu mwingine akitazama kikombe. Vyote vizunguke pamoja. Shafti ikisukumwa na kuvutwa kidogo, iteleze bila kukwama na bila kutoka.

Safari ya kwanza iwe fupi, ya mwendo mdogo na bila mzigo. Usukani ukatwe mpaka mwisho, kulia na kushoto. Mlio wa kukatakata kwenye kona huashiria jointi ya nje imechoka. Gari likitetemeka linapochapwa mafuta kupanda mlima, kisha likatulia mafuta yakiachiwa, tatizo liko kwenye jointi ya ndani.

Baada ya kilomita chache raba itazamwe tena. Ikiwa kuna grisi iliyoruka kwenye rimu au gia boksi, bendi haijakaza.

Gari lililofunguliwa shokapu, boljointi au tairodi endi pia lipelekwe kupimwa mpangilio wa magurudumu. Likiachwa hivyohivyo hula matairi ya mbele, na akiba iliyopatikana kwenye ufundi huishia kwenye matairi.

Wakati wa kukubali hasara

Si kila jointi iliyoachana inafaa kuokolewa. Kikombe chenye mashimo, rola iliyovunjika ukingo, vijiti vilivyopungua au shafti iliyopinda haviponi kwa grisi.

Vilevile, gari lililoendeshwa jointi ikiwa imeachana lichukuliwe kuwa na madhara mpaka ithibitike vinginevyo. Miguu ya rola inayozunguka nje ya kikombe hugonga kila kilicho karibu, na inaweza kuharibu nyaya na mipira iliyo jirani.

Ikibidi kununua, mmiliki achague baina ya shafti nzima ya mtumba kutoka Japani na jointi mpya peke yake. Shafti ya mtumba isinunuliwe kwa kuangalia rangi. Raba ifunguliwe dukani, mifereji iguswe, na idadi ya meno ya pande zote mbili ihesabiwe na kulinganishwa na ile ya zamani. Magari yenye jina moja yanaweza kuwa na ekseli tofauti kwa sababu ya injini, gia boksi au breki za ABS.

Hesabu ya fedha

Faida ya kufahamu haya huonekana kwenye daftari. Tuseme gari la mizigo midogo linabaki na Sh40,000 kwa siku baada ya mafuta na posho ya dereva. Likisimama siku nne kusubiri shafti kutoka Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000, mmiliki amepoteza Sh160,000 kabla hajalipa bei ya shafti, usafiri wake na ufundi.

Jointi hiyohiyo ikikaguliwa na kukutwa nzima, mahitaji ni raba, bendi mbili, pakiti ya grisi na nusu siku ya kazi. Hesabu hiyo ni ya mfano tu, na kila mmiliki anaweza kuweka tarakimu zake, lakini tofauti kati ya njia hizo mbili haitaondoka.

Upo pia upande wa pili wa hesabu. Anayefunga jointi yenye mchanga ili awahi soko la Jumamosi anaweza kukwama katikati ya Kibaoni na Sitalike, ndani ya hifadhi yenye simba, tembo na viboko, akiwa na magunia ya watu. Hapo atalipa gari la kuvuta, atalipa fidia ya kuchelewa, na huenda akapoteza mteja.

Kwa hiyo swali la kujiuliza mbele ya ekseli iliyolegea si kama itarudi au haitarudi. Karibu zote hurudi. Swali ni iko katika hali gani inaporudi.

Kinga ni kamba ya shilingi chache

Kuzuia tatizo hili kunahitaji kamba au waya laini tu. Kabla ya kufungua boliti za shokapu, chuma cha habu kifungwe kwenye springi ili kisiiname nje. Ekseli ikitolewa kwenye habu, ifungwe ilale sambamba, isining'inie.

Habu inayogoma isukumwe kutoka katikati kwa kifaa cha kuvutia, si kwa kuvuta shafti. Nati irudishwe juu ya meno ya ekseli kabla ya kugonga kwa nyundo ya plastiki au kipande cha mti, ili nyuzi zake zisifumuke.

Mwenye gari lililoinuliwa aangalie mshazari wa ekseli zake na hali ya raba kila anapobadilisha oili. Raba iliyoanza kupasuka kwenye mikunjo ibadilishwe kabla ya mvua za Novemba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye ekseli ufa huo huanzia kwenye raba.

Kwa vijana wanaotaka kuifanya kazi hii kuwa ajira, nafasi ipo. Mji wa Mpanda una chuo cha ufundi stadi cha VETA, na magari yanayovuta kwa mbele yanazidi kuingia vijijini kadiri lami inavyosogea. Fundi anayemwonyesha mteja rola tatu zilizo nzima na kumwambia ukweli kwamba hahitaji shafti mpya atapata malipo madogo siku hiyo, lakini msimu ujao mteja huyo atarudi kwake, na atakuja na wenzake.